Pioni ndani ya mata iliyoegemea mkono mmoja: uchague nadharia ipi?

Ukipewa kazi ya kukokotoa pioni, mezoni (jozi ya kwaki na antikwaki) iliyo nyepesi kuliko zote, inavyokuwa ndani ya mata yenye kwaki nyingi za mkono wa kulia kuliko za kushoto, utakuta mezani nadharia tatu za nishati ndogo, kila moja na wafuasi wake: pertabesheni ya kairali, modeli ya sigma ya mstari, na modeli ya Nambu na Jona-Lasinio. Zote zinadai kuisemea QCD, nadharia ya kwaki na gluoni, mahali ambapo QCD yenyewe haikokotoleki kwa kalamu na karatasi. Msimamo wangu nautoa mapema. Mbili za kwanza, kwa pioni peke yake, zinakubaliana kwa kiwango kinachoshangaza, kwa hiyo kuchagua kati yao ni kuamua tu kama unaihitaji mezoni a0, mwenzi mzito wa pioni, au huihitaji. Ya tatu ni ya kazi nyingine, na inafaa au haifai kutegemea jambo moja: namna unavyoyakata momenta makubwa.

Mata yenyewe

Kwaki nyepesi ina mikono miwili, kulia na kushoto (neno kairali linahusu mikono hiyo), kulingana na spini yake ilivyoelekea kuhusiana na mwendo wake. Toa idadi ya za kushoto kutoka idadi ya za kulia, unapata N5. Katika ombwe N5 ni sifuri. Viini vizito vinapogongana mambo hubadilika. Kichapuzi cha RHIC huko Brookhaven kiligonganisha dhahabu kwa GeV 200 kwa kila jozi ya nyukleoni, na LHC hugonganisha risasi kwa TeV 2.76 na 5.02. Ndani ya tufe la moto linalozaliwa, uga wa gluoni unaweza kuruka kutoka umbo moja la kitopolojia hadi jingine, na anomali ya aksiali (athari ya kikwantumu inayoizuia N5 isihifadhiwe) hugeuza mruko huo kuwa ziada ya mkono mmoja. Alama ya ziada hubadilika kutoka mgongano hadi mgongano, hivyo ukichukua wastani wa migongano mingi unarudi sifuri. Mgongano mmoja ukiutazama peke yake, ziada ipo.

Ziada hiyo huwakilishwa na potenshali ya kikemia ya kairali, μ5, inayozidishwa na N5 na kuingizwa kwenye lagranjiani, yaani fomula kuu ya nadharia. Fukushima, Kharzeev na Warringa waliitumia mwaka 2008 katika hesabu yao ya athari ya sumaku ya kairali (mkondo wa umeme unaofuata uga wa sumaku kwa sababu ya ziada hiyo), na tangu hapo imekuwa ndiyo njia ya kawaida. Ni potenshali ya mkopo kidogo, kwa sababu N5 haihifadhiwi. Hata ukiiacha anomali kando, masi ya kwaki yenyewe hugeuza mkono wa kulia kuwa wa kushoto, na muda wa mgeuko huo ni takriban kinyume cha masi hiyo. Kwa kwaki u na d, zenye masi ya MeV chache, muda ni makumi ya fm/c (fm/c moja ni muda wa mwanga kupita femtometa moja), wakati tufe la moto huishi fm/c tano hadi kumi hivi. Ziada inadumu. Kwa kwaki s, yenye masi karibu na MeV 95, muda ni kama fm/c 2 tu, na ziada inafutika mapema.

Kwa hiyo kabla hujachagua nadharia, fizikia imeshakuchagulia idadi ya ladha, yaani aina, za kwaki zenye ziada: mbili. Anayeweka μ5 ileile kwa u, d na s anaweza kuwa na hesabu safi kabisa, ila ni hesabu ya mata isiyo hii.

Kuna sababu nyingine ya kuzitazama mezoni. Athari ya sumaku ya kairali inahitaji vitu viwili kwa pamoja, μ5 na uga mkubwa wa sumaku unaodumu vya kutosha. Kikundi cha STAR, cha huko RHIC, kiligonganisha ruteni-96 na zirkoni-96 mwaka 2018 ili kuitafuta, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021, baada ya uchambuzi uliofanywa bila wachambuzi kujua data ni ya kiini kipi, hayakutimiza vigezo vilivyowekwa kabla. Wengi walikata tamaa. Lakini mezoni hazihitaji sumaku. μ5 ikiwepo peke yake inatosha kuzibadilisha. Ndiyo maana nadharia tunazozilinganisha zina kazi ya kufanya bado.

Pertabesheni ya kairali: pioni na si zaidi

Njia hii Weinberg aliiwekea msingi mwaka 1979, na Gasser na Leutwyler wakaipa umbo lake la kudumu katikati ya miaka ya 1980. Unabaki na chembe nyepesi tu, yaani pioni, na kila kilicho kizito zaidi unakisukuma ndani ya vigezo visivyotabirika na nadharia yenyewe. Unapanga lagranjiani kwa vipeo vya momenta na vya masi ya pioni, ukigawanya kwa 4πFπ, ambayo ni kama GeV 1.2 kwa kuwa Fπ, kigezo cha kuoza kwa pioni, ni karibu MeV 92. Kiutendaji mpaka uko karibu zaidi: mezoni ρ, yenye MeV 775, ndiyo inayokusimamisha.

μ5 huingia kama sehemu ya wakati ya chanzo cha aksiali kisichobagua ladha. Na hapa msomaji mgeni hushtuka: katika hatua ya kwanza, ile ya kipeo cha pili, pioni haihisi kitu. Ukiandika U kwa pioni za ladha mbili, kila penye mabadiliko ya U kwa wakati panaongezewa −2iμ5U. Ukizidisha na kuchukua jumla ya ulalo wa matriksi, kipengele chenye μ5 moja kinakufa, kwa sababu jumla ya ulalo ya U†∂U ni sifuri kwa matriksi za SU(2). Kinachobaki ni namba tupu, μ5 kwa mraba, ambayo inaingia kwenye nishati ya ombwe lakini haiigusi pioni.

Athari inaanza kipeo cha nne. Hapo zinajitokeza istilahi ambamo mraba wa μ5 unazidisha mabadiliko ya pioni kwa wakati peke yake, yakitengwa na mabadiliko yake katika nafasi. Espriu, Gómez Nicola na Vioque-Rodríguez waliziandika zote kwa ladha mbili mwaka 2020, pamoja na vigezo vipya vinavyoambatana nazo. Matokeo yake ni kwamba pioni inapata kasi yake ya juu tofauti na ya mwanga, na masi yake na Fπ vinahama kwa kadiri ya μ5 kwa mraba. Mata ina fremu yake ya utulivu, kwa hiyo wakati na nafasi haviko sawa tena.

Ninachokipenda hapa ni uaminifu. Nadharia haikuambii uongo juu ya chembe usizozijua, na kila hatua inakupa makadirio ya kosa. Kwa halijoto ndogo, kabla ya kukaribia mpito wa awamu (pale kondensati ya ombwe inapoyeyuka), sidhani kuna kitu kinachoishinda. Udhaifu ni vigezo vile vipya. Mtawanyiko wa pioni katika ombwe hauvigusi moja kwa moja. Ukikubali hesabu ya Nc kubwa, yaani kudhani rangi za kwaki ni nyingi, unaweza kuvifunga na vigezo ambavyo mtawanyiko umeshavipima. Usipoikubali, unavitafuta kwenye data za latisi, yaani QCD inayokokotolewa kwa kompyuta juu ya gridi ya nafasi na wakati.

Modeli ya sigma ya mstari: na ndugu wa skala

Gell-Mann na Lévy walileta modeli hii mwaka 1960, wakati kwaki hazijazaliwa hata kama wazo. Ina pioni, ina σ, na ukiipanua kidogo ina a0, η na η′. Ndani yake pioni ina mwenzi wa skala, mwenye pariti (tabia chembe inapogeuzwa kama kwenye kioo) iliyo kinyume na isospini (namba ya familia ya u na d) ileile: a0.

Andrianov, Espriu na Planells walionyesha mwaka 2013 kinachotokea ukiingiza μ5. Inaunganisha kila mezoni na mwenzi wake wa pariti tofauti. π inachanganyika na a0. σ inachanganyika na η na η′. Pariti inakoma kuwa lebo ya chembe. Kinachosafiri ndani ya mata si π wala a0, ni mchanganyiko wa zote mbili, na "pioni" linabaki kuwa jina la adabu kwa ule mwepesi.

Mlinganyo wenyewe ni mfupi, na unastahili kuandikwa. Ukiita masi ya mraba ya mchanganyiko m², masi za π na a0 kabla ya kuchanganyika mπ na ma, na momenta k:

(m² − ma²)(m² − mπ²) = 16 μ5² (m² + k²)

Kila kitu kimo humo. Kwanza, masi inategemea momenta, jambo ambalo katika ombwe lisingewezekana. Pili, tazama ile 16. μ5 haiji peke yake, inakuja kama 4μ5. Mtu anayesema "μ5 yangu ni MeV 200, ni ndogo ukilinganisha na GeV moja" anajidanganya: kinacholinganishwa na ma ni MeV 800. Zinafikia usawa μ5 ikiwa MeV 245 tu. Nikiona grafu ya mezoni inayokwenda hadi μ5 ya MeV 400 bila onyo lolote, huwa naacha kusoma hapo hapo.

Zinakubaliana wapi?

Chukua modeli ya sigma na uifute a0: idhani ni nzito, haisogei, inafuata pioni tu. Kinachobaki ni lagranjiani ya pioni ambayo kipengele chake cha wakati kimezidishwa na 1 + 16μ5²/ma², na kipengele cha nafasi hakijaguswa. Hiyo ndiyo pertabesheni ya kairali ya hapo juu, na vigezo vyake visivyojulikana sasa vina thamani. Kasi ya juu ya pioni inakuwa v, ambapo v² = 1/(1 + 16μ5²/ma²), na masi ikiwa imetulia ni v mara mπ.

Nimekokotoa kwa mπ = 140 na ma = 980, zote MeV, nikiziacha masi hizo kama zilivyo katika ombwe ili tuone mchanganyiko peke yake:

| μ5 (MeV) | masi ya pioni, sigma kamili | masi ya pioni, a0 ikifutwa | kasi ya juu v | momenta kc (MeV) |
|---|---|---|---|---|
| 50 | 137.1 | 137.2 | 0.98 | 686 |
| 100 | 129.5 | 129.6 | 0.93 | 343 |
| 200 | 108.2 | 108.5 | 0.77 | 172 |

Tofauti haifiki nusu MeV popote. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa: zinalingana kwa sababu pioni, hata ikienda mbio, masi yake ya mraba inabaki ndogo sana mbele ya ma². Nilidhani momenta makubwa yangezitenganisha. Kwa μ5 ya 100 na k ya 500, sigma inatoa nishati ya MeV 481.4 na ile nyingine 480.7.

Lakini soma safu ya tatu kwa uangalifu. Namba zile nimezipata kwa kuacha 1 + 16μ5²/ma² ikae chini ya mstari wa kugawanya. Anayefuata pertabesheni kwa ukali, akakata kila kitu baada ya mraba wa μ5, ataandika mπ²(1 − 16μ5²/ma²). Kwa μ5 ya 100 atapata 127.8, si mbaya. Kwa 200 atapata 81, na hapo amepotea kwa MeV 27. Kwa hiyo ukisoma kwamba nadharia hizi mbili zinapishana kwenye μ5 kubwa, uliza kwanza kama kinachopishana ni nadharia au ni mahali mfululizo ulipokatwa.

Jambo jingine. Katika modeli kamili mπ na ma nazo hazikai. Kondensati, yaani jozi za kwaki na antikwaki zinazojaza ombwe, inakua μ5 ikikua, Fπ inapanda pamoja nayo, na masi ya pioni kabla ya mchanganyiko inashuka kidogo zaidi. Zichukulie namba za jedwali kama mwelekeo.

Safu ya mwisho ya jedwali, na hofu isiyo na sababu

kc ni momenta ambayo masi ya mraba ya pioni inafika sifuri. Zaidi ya hapo ni hasi. Ni mπ·ma/(4μ5), na inatoka sawasawa katika nadharia zote mbili, bila hata tofauti ya nukta. Neno "takioni" likitajwa watu hudhani mata inalipuka. Hailipuki. Kinachoamua uthabiti ni nishati, nayo inabaki halisi na chanya kwa kila k. Ile pioni ya momenta 500 ina nishati 481: nishati ni ndogo kuliko momenta, basi, jambo ambalo mata yenye fremu yake inaruhusu, na ambalo sauti ndani ya kitu kigumu hulifanya kila siku.

Kinachobadilika ni milango ya kuoza. Pioni yenye chaji huoza kuwa muoni na nyutrino, na muoni ina MeV 105.7. Kwa μ5 ya 200 pioni iliyotulia ina 108.2, imeponea chupuchupu. Ikisogea kwa momenta ya MeV 37 hivi, mlango unafungwa. Ni tokeo zuri la kuandika kwenye makala. Kulipima ni hadithi nyingine: pioni huoza kwa nanosekunde 26, wakati tufe la moto limeshakwisha baada ya sekunde zisizofika 10⁻²².

Basi a0 ni nani hasa?

Hapa ndipo ningemkwamisha mtu anayeitumia modeli ya sigma kwa furaha. Inadhani mwenzi wa pioni ni a0(980), kwaki moja na antikwaki moja. Lakini a0(980) imekaa karibu kabisa na nishati ya kuzalisha jozi ya kaoni, na wengi wanaiona kama muundo wa kwaki nne au kaoni mbili zilizoshikana. Kwa maoni hayo, mwenzi wa kweli wa pioni ni a0(1450). Weka 1450 mahali pa 980 kwa μ5 ya 200: masi ya pioni inakuwa 122.5 badala ya 108.2, na kasi 0.88 badala ya 0.77. Hiyo MeV 14 ndiyo kosa la kweli la modeli, kubwa mara nyingi kuliko tofauti zote za jedwali.

Na σ ni balaa zaidi. f0(500) ina upana unaokaribia masi yake. Kuichora kama mstari mwembamba unaochanganyika na η na η′ ni kuomba shida. Sekta ya isospini moja, π na a0, naiamini kwa kiasi. Ile ya σ na η naitumia kujua mwelekeo, sithubutu kuitolea namba.

Pertabesheni ya kairali haina tatizo hili, kwa sababu haijidai kujua a0 ni nani. Kutojua kwake kumefungwa ndani ya kigezo kimoja, ambacho latisi inaweza kukijaza.

Modeli ya Nambu na Jona-Lasinio

Modeli hii ya mwaka 1961, NJL kwa kifupi, inaanzia kwenye kwaki. Kwaki zinagusana nukta kwa nukta, kondensati inaumbika, kwaki zinapata masi M ya MeV mia tatu na kitu, na mezoni zinajitokeza kama jozi zilizofungamana. Uzuri wake ni kwamba μ5 inaingia mahali pake pa asili bila ujanja wowote. Nishati ya kwaki inakuwa kipeuo cha pili cha (p ± μ5)² + M², na kwa alama moja kati ya hizo mbili unaona uso wa Fermi ukizaliwa kwenye p = μ5. Huko kuna hali nyingi zinazongoja kuungana, jozi za kwaki na antikwaki, kwa mtindo uleule wa elektroni katika kondakta kuu. Kwa hiyo tungetarajia μ5 iimarishe kondensati hata kama mvuto ni dhaifu. Braguta na Kotov walilieleza hilo vizuri mwaka 2016.

Hata hivyo hesabu za mwanzo zilisema kinyume. Fukushima, Ruggieri na Gatto mwaka 2010, wakitumia NJL iliyoongezewa kitanzi cha Polyakov (kipimo cha kufungwa kwa kwaki), na Chernodub na Nedelin mwaka 2011, wakitumia modeli ya sigma yenye kwaki, walipata halijoto ya mpito ikishuka μ5 ikipanda, pamoja na nukta maalumu kwenye ramani ya awamu. Kisha latisi ikaingia. μ5, tofauti na potenshali ya barioni, haileti tatizo la alama (uzito wa hesabu usio chanya unaoikwamisha kompyuta), hivyo QCD inaweza kuigwa kwenye kompyuta bila hila. Braguta na wenzake, mwaka 2015 kwa rangi mbili na 2016 kwa rangi tatu, walipata kondensati inakua na halijoto ya mpito inapanda. Kazi za baadaye zikaonyesha mwitikio wa kitopolojia na nguvu ya kamba kati ya kwaki navyo vinapanda.

Kosa lilikuwa wapi? Kwa sehemu kubwa ya NJL, kwenye kisu. Modeli haina maana bila kikomo cha momenta, kwa kawaida MeV 600 hadi 650. Ukikata ghafla hapo, halafu μ5 ikasogeza nishati kwa MeV mia mbili au tatu, unazitupa hali ambazo μ5 inazihitaji, na unachokiita athari ya mata ni kovu la kikomo chako. Farias, Duarte, Krein na Ramos mwaka 2016 walitenganisha sehemu ya ombwe, ambayo ndiyo inayokwenda hadi namba isiyo na mwisho, na sehemu ya mata, ambayo haihitaji kukatwa, na halijoto ya mpito ikapanda kama latisi inavyotaka. Wengine walilainisha kikomo na kuona namna jibu linavyoutegemea.

Kwa hiyo ukiletewa tokeo la NJL lenye μ5, usianze na grafu. Anza na aya inayoeleza walivyokata.

Kwa mezoni zenyewe NJL ina udhaifu mkubwa. Haizifungi kwaki, hivyo mezoni yoyote yenye masi zaidi ya 2M, na a0 iko humo, inasambaratika kuwa kwaki huru ambazo dunia haijawahi kuziona. Pioni inaitoa vizuri, σ kwa shida, a0 usiiguse. Ila ukitaka kufuata kondensati kutoka ombwe hadi upande wa pili wa mpito, yeye peke yake ndiye atakayekufikisha.

Mimi ningechaguaje

Kwa pioni na termodinamiki, halijoto chini ya MeV 100 hivi, pertabesheni ya kairali, vigezo vyake vikichukuliwa kutoka latisi ya kondensati na ya mwitikio wa kitopolojia. Kwa spektra ya hadroni yenye skala ndani yake, au ukitaka kujua pariti inavyovunjika kwenye kuoza, modeli ya sigma, na kila namba uitoe mara mbili, kwa a0(980) na kwa a0(1450). Kwa ramani ya awamu, NJL yenye ombwe lililotengwa, na usiitolee namba yoyote kabla hujaiona ikipandisha halijoto ya mpito. Mwanafunzi anayeanza ningempeleka kwenye sigma kwanza, si kwa sababu ni sahihi zaidi, bali kwa sababu mlinganyo wake mmoja unaonyesha kila kitu kwa macho, halafu aifute a0 kwa mkono wake aone pertabesheni ikitokea.

Lengo likiwa ni majaribio, hakuna hata moja kati ya tatu inayotosha. Pioni zinazofika kwenye kigunduzi zimeshagongana na kutoka nje ya mata, zimerudi kuwa pioni za kawaida za MeV 140. Kinachotoka kikiwa na habari za ndani ni jozi za elektroni na pozitroni, na hizo huzalishwa na mezoni za vekta, ρ (775) na ω (783). Huko unahitaji nadharia ambamo fotoni hujigeuza kuwa vekta, pamoja na istilahi ya Chern na Simons inayoletwa na μ5. Masi ya mraba ya mielekeo miwili ya mduara inakuwa mV² ± ζ|k|, ζ ikienda sambamba na μ5, huku mwelekeo wa mwendo ukibaki pale pale. Kilele kimoja kinakuwa vitatu, au kwa data za kawaida, kimoja kipana kuliko ilivyotarajiwa. Na alama ya μ5 ikigeuka katika mgongano unaofuata, mielekeo miwili inabadilishana nafasi tu, upana ukibaki uleule. Kama ilivyo kwa masi ya pioni, inayotegemea μ5 kwa mraba, wastani wa migongano milioni haufuti kitu.